Ekseli ya nyuma ya Land Rover 110: ukarabati Salisbury, au uhamie Rover, P38 au Toyota?

Defender ya umbo la zamani ilikoma kutengenezwa Solihull, Uingereza, Januari 2016. Jumlisha na sheria ya Kenya inayozuia gari la mtumba lililopita miaka 8, jibu liko wazi: zilizopo nchini ndizo hizo. Spea bado zinashuka Kilindini, gari zima haliji tena. Kwa hiyo mwenye 110 ambaye ekseli ya nyuma imemshinda, akisema auze anunue nyingine, atanunua ya mwenzake iliyochoka vilevile. Afadhali atafute ekseli: Salisbury, ile nzito ambayo 110 nyingi zilitoka nayo kiwandani, Rover iliyo nyepesi, P38 au ya Toyota.

Ninayemwandikia ni mwenye 110 ya koili, ile iliyotoka 1983 na kupewa jina la Defender mwaka 1990. Mwenye Series, Land Rover za kabla yake zenye springi za majani, ana mambo yake mengine, ingawa atajikuta ametajwa humu mara moja, na si kwa wema.

Msimamo wangu niutoe mapema. Ukinunua ekseli hapa Mombasa, kitu unachokinunua hasa ni nyumba yake, lile chuma la nje. Beringi, sili, hafushafti (shafti za ndani zinazozungusha magurudumu), hata krauni na pinioni, zile gia kubwa na ndogo za difu katikati ya ekseli, vyote utavipata kimoja kimoja ukiwa na subira. Chuma kilichopinda au kilicholiwa na chumvi hakina spea. Watu wengi hufanya kinyume: wanatia kidole ndani, wanasifu meno ya gia, wanalipa, halafu wanabeba mzigo wa kutu hadi nyumbani.

Reshio kwanza, jina baadaye

110 inavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Ndani ya transfa, giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, mna difu ya katikati inayosawazisha mwendo wa mbele na wa nyuma. Difu ya mbele ni Rover ya 3.54, yaani propela, shafti ndefu itokayo kwenye transfa, inazunguka mara tatu na nusu na ushei gurudumu likizunguka mara moja. Ya nyuma lazima iwe hiyo hiyo. Ukitia ya 4.7 nyuma, difu ya katikati haitapumzika hata kwenye lami iliyonyooka, na siku utakapofunga difu loki, kufuli ya hiyo difu ya katikati, huku umezama mchangani, kitu kitakatika tu. Kujua ni kipi ndilo fumbo lililobaki.

Na hiyo 4.7 iko sokoni. Series III ndefu nyingi zilikuwa na Salisbury ya nyuma, na ukiitazama kwa mbali kitovu chake hakina tofauti na cha 110. Utaambiwa, "Bwana, Salisbury ni Salisbury, wewe funga tu." Usifunge. Vikalio vya springi za majani vitaisema yenyewe ilikotoka, lakini pia kuna ekseli za 110 zilizowahi kubadilishwa matumbo, kwa hiyo hesabu hata kama sura ya nje inakuridhisha. Mtu mmoja ashike habu ya upande mmoja isizunguke. Wewe piga alama ya chaki kwenye habu ya pili na kwenye flanji ya pinioni, kisha zungusha habu hiyo mizunguko miwili kamili. Pinioni ikienda mitatu na nusu na kidogo, ni 3.54. Ikikaribia mitano, ni ya Series. Mshukuru muuzaji uende zako.

Salisbury na Rover

Wacha nikae hapa kwa muda, kwa sababu wengi wenu mwisho wa siku mtachagua kati ya hizi mbili.

Zinafanana kwa jambo moja kubwa. Uzito wa gari unabebwa na nyumba ya ekseli kupitia habu na beringi zake. Hafushafti haibebi chochote, kazi yake ni kuzungusha. Unafungua bolti tano za flanji na kuichomoa huku gurudumu liko chini limekanyaga. Ikikatika huko ndani Kinango, gurudumu halikukimbii. Unatoa shafti iliyovunjika, unahakikisha vipande havikubaki ndani ya difu, unaziba tundu la habu vumbi lisiingie, unafunga difu loki, na unarudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele. Hilux ya kawaida haikupi nafasi hiyo, maana shafti yake ndiyo inayobeba gurudumu.

Baada ya hapo zinaachana njia.

Salisbury ni ekseli ya mzigo. Kitovu chake ni chuma cha kusubu, mabomba yameshindiliwa ndani yake, na ukoo wake unatokana na Dana 60 ya Marekani. Krauni ni kubwa, inakunywa mafuta kama lita 2.3, na Land Rover waliipa 110 kwa sababu walijua watu wataipakia kupita kiasi. Watu wamewasikia vizuri. Ukibeba samaki na barafu kutoka Vanga, au mapipa ya maji kupeleka shambani, hii ndiyo iliyokusudiwa kwa kazi yako.

Ubaya wake ni wa aina mbili. Kwanza kile kitovu kinaning'inia chini zaidi kuliko cha Rover, na kwenye njia zenye mawe ya matumbawe utakisikia kikigonga. Hilo unaweza kulizoea. La pili ni zito zaidi: difu yake haitoki nzima nzima. Unafungua kifuniko cha nyuma, na kila kitu kimepangwa humo humo ndani ya nyumba, pamoja na beringi za pembeni zilizobana. Kuitoa kunataka kifaa cha kutanua nyumba kidogo sana, na kuirudisha kunataka shimu, vile vibati vya kujazia nafasi, za unene sahihi na saa ya kupimia nafasi ya meno. Mafundi wenye saa hiyo na subira ya kuitumia si wengi. Wengi wakisikia difu inavuma huenda moja kwa moja kwenye nati ya pinioni, wanaikaza, kelele inapungua kwa wiki, kisha beringi inakufa na kuondoka na krauni. Fundi akikwambia atapanga Salisbury kwa kusikiliza, mpe pole, umtafute mwingine.

Rover ni kinyume chake. Nyumba ni ya bati la chuma lililokandamizwa, ni nyepesi, inachukua lita 1.7. Difu inatoka kwa mbele ikiwa kipande kimoja: chomoa hafushafti mbili, shusha propela, fungua nati zilizoizunguka, vuta. Ikishapangwa mezani na fundi anayejua, kuifunga ni kazi ya alasiri moja chini ya mwembe. Unaweza hata kuwa na difu ya akiba kabatini. Tena damu yake iko kwenye magari mengi: Defender 90, Discovery ya kwanza, Range Rover ya zamani, zote za koili na zote 3.54, zote zenye bolti za gurudumu tano kwenye duara la milimita 165.1. Discovery 1 na Range Rover zinakuja na breki za diski nyuma, faida kubwa kwa anayetembea mchangani na kwenye tope, kwa sababu dramu hujaza uchafu na kuukalia.

Sasa ubaya. Hafushafti za Rover za zamani zina meno 10 upande wa difu, na hizo hukatika. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 zikaja za meno 24, zilizo bora zaidi. Chomoa moja uhesabu, usimwulize mtu. Difu yenyewe nyingi ina spaida, gia ndogo za kusawazisha magurudumu, mbili tu ndani, na ukiipakia tani ukapanda mlima wa Shimba Hills huku gurudumu moja linateleza, spaida hizo ndizo zinazolipa.

Halafu kuna bati la mgongoni, na hapa ndipo Mombasa inapoingia kwenye hesabu. Upande wa nyuma wa nyumba ya Rover umefunikwa kwa bati la mviringo lililochomelewa. Huko bara linadumu. Huku kwetu, kwa gari linaloshusha boti Mtwapa au linalopita ufukweni bamvua likiwa limetoka, bati hilo huliwa hadi likawa na matundu ya ukubwa wa sindano. Unaanza kuona jasho la mafuta, unalifuta, linarudi. Dawa inajulikana: bati linakatwa, linachomelewa jipya lenye unene zaidi. Ni kazi nzuri ikifanywa na mchomeleaji anayejua kuchoma kidogo kidogo na kuacha chuma kipoe. Akichoma mzunguko wote kwa pupa, nyumba inapinda, na umekwisha nunua matatizo mapya.

Kati ya hizo mbili, mwenye mzigo wa kila siku abaki na Salisbury, na kama nyumba yake ya sasa imenyooka, asinunue ekseli kabisa: anunue beringi, sili na, ikibidi, krauni na pinioni, na pesa iliyobaki ampe fundi mwenye saa ya kupimia. Anayetumia 110 kwa safari za familia, uvuvi wa Jumamosi na Tsavo Mashariki kupitia lango la Bachuma mara moja moja, Rover ya meno 24 yenye diski itamfaa zaidi kuliko anavyodhani. Itakuwa nyepesi, juu zaidi ya mawe, na kila fundi wa Land Rover ataijua.

P38

Kuanzia mwaka 2002 hivi, 110 ziliachana na Salisbury zikapewa ekseli ambayo watu huiita P38, kwa sababu difu yake ilitokana na ya Range Rover ya jina hilo. Kwa nguvu iko katikati: inaishinda Rover, haiifikii Salisbury. Difu inatoka nzima kwa mbele. Kwa karatasi ndiyo jibu la kila kitu.

Shida ni kwamba vitu vyake vya ndani havichangamani na vya Rover wala vya Salisbury, kwa hiyo ukipungukiwa na kipande kimoja, jirani mwenye Defender ya 1995 hawezi kukusaidia. Ukiipata ikiwa kamili, na habu, hafushafti na breki zake, ichukue. Ukiipata nusu, iache.

Na usichanganye jina. Ekseli iliyotoka kwenye Range Rover P38 yenyewe, au kwenye Discovery 2, si hii. Bolti zake za gurudumu ziko kwenye duara la milimita 120, na vishikio vyake havilingani na vya 110. Nimesikia ikiuzwa kwa maneno "ni ile ile, tofauti ni ringi tu." Si ile ile.

Ya Toyota

Kila anayetengeneza Land Rover ana rafiki wa kumwambia aweke ekseli ya Land Cruiser yaishe. Rafiki huyo ana hoja. Land Cruiser 79 zinaunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, spea zake hazina adabu ya kujificha, na krauni yake ni ngumu kweli.

Lakini reshio za Land Cruiser nyingi huzunguka 4.1, si 3.54, kwa hiyo ukibadilisha nyuma umejitia kubadilisha na mbele. Bolti za gurudumu ni sita kwenye duara la 139.7, au tano kwenye duara la 150 kwa matoleo ya 79, kwa hiyo utabeba gurudumu la akiba la mbele na la nyuma mbali mbali mpaka umalize kazi yote. Vishikio vyote vinakatwa na kuchomelewa upya, na pinioni inabidi ielekee mahali transfa ya Land Rover inapotoa propela, ambapo ni kulia kwa gari wala si katikati. Ukichukua ya 79 ya baada ya 2007, kumbuka pia kwamba nyuma yake ni nyembamba kuliko mbele kwa milimita 95, jambo ambalo wenye Toyota wenyewe wanalilalamikia mchangani, maana magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyochimbwa na ya mbele.

Wapo wanaofanya hivyo na gari likatembea. Gari za Rhino Charge zimejengwa kwa namna za ajabu zaidi ya hiyo tangu 1989, ila zile hujengwa zivumilie saa 10 za mashindano, zikiwa na mafundi wanaozisubiri. Wewe unataka kufika Lunga Lunga na kurudi. Kwangu mimi, Toyota nyuma bila Toyota mbele ni hapana, na zote mbili pamoja ni mradi wa mtu mwenye gari la pili la kwendea kazini.

Ukiwa umesimama juu ya chuma chenyewe

Ekseli za mtumba hupakwa rangi nyeusi. Si dhambi, ila rangi mbichi kwenye kitu kilichosafiri kwa meli inataka kuulizwa. Beba brashi ya waya na bisibisi. Piga brashi kwenye viungo vya vishikio vya chini, pale mikono ya kushikia ekseli inapofungwa, na kuzunguka kishikio cha fremu ya A juu. Nyufa huanzia hapo. Kwa Rover, gonga bati la mgongoni kwa mpini wa bisibisi, kuanzia juu ukishuka. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa, na chini kabisa, maji yanapokaa, ndiko kunakoanza.

Kujua kama imepinda, hitaji vyuma viwili vilivyonyooka vya urefu sawa, angalau mita moja. Funga kimoja kwenye uso wa habu ya kulia na kingine ya kushoto, vilale sambamba na ardhi, kisha pima umbali kati yao kwa mbele na kwa nyuma, mbali sawa kutoka kwenye habu. Vigeuze visimame wima, pima juu na chini. Vipimo vikipishana kwa milimita kadhaa, bomba limepinda. Muuzaji atakuangalia kama umepotea, mwache akuangalie.

Ndipo uingie ndani. Shika flanji ya pinioni uivute juu na chini: isicheze hata chembe. Kuzunguka kidogo kabla krauni haijashika ni sawa. Fungua mafuta yaliyobaki uyatazame. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yaliingia, na kila beringi humo ihesabiwe kuwa imekufa. Fungua kofia ya habu uone meno ya flanji, maana yakilika ndiyo yanayotoa ule mlio wa "ko" unapobadilisha gia, na watu huishtaki difu bure. Kwa nati ya habu nenda na spana yako ya boksi ya 52. Nyundo na patasi za pale yadi zimeharibu nati za kutosha.

Kuifunga

Propela hazilingani. Pua ya Salisbury na ya Rover hazifiki mahali pamoja, na ya P38 nayo ina urefu wake. Ama uipate ekseli pamoja na propela yake kutoka 110 ya aina hiyo, ama upime na kupeleka kwa fundi wa leithi akate na kuisawazisha. Ekseli ya Discovery au Range Rover uipime vikalio vya koili na vishikio vya shoki dhidi ya 110 yako kabla hujalipa. Upana wa magurudumu unalingana, vishikio usiviamini kwa maneno. Ukihama kutoka dramu kwenda diski nyuma, masta silinda nayo iangaliwe, kwa sababu ile ya dramu haikupangwa kusukuma mafuta ya diski, na kanyagio litakwambia.

Handibreki ya Land Rover haiko kwenye magurudumu. Dramu yake imekaa nyuma ya transfa, inashika propela ya nyuma. Ukishatoa propela hiyo au hafushafti moja, handibreki haikushikii kitu mpaka ufunge difu loki. Kwa hiyo weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla hujaingia uvunguni, na kama umerudi na shafti iliyokatika, usijaribu kusubiri kwenye mteremko wa feri ya Likoni ukitegemea ule mkono wa handibreki.

Mwisho angalia bomba la kupumulia, lile jembamba lililo juu ya ekseli. Likiziba, ekseli yenye joto ikiingia ghafla kwenye maji ya mto inavuta maji kupitia sili, hata sili mpya. Lirefushe hadi juu ya chesisi. Tia mafuta ya EP90, tembea kilomita mia tano hivi bila mzigo mzito, kisha yamwage yote ndani ya karai safi uyapitishe vidole. Unga laini wa kijivu ni meno yanazoeana. Ukishika vipande, fungua tena.